Kumvusha Nere

Lamont Pettway alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mpaka leo haujapata dawa: alipenda kuwapangia watu furaha bila kuwauliza. Ukimwambia hujala, anakuletea chakula asichojua hata kama unakipenda. Ukimwambia umechoka, anakuja kukuchukua na gari mwende mahali. Watu wengi walimpenda kwa hilo, na mimi nilimpenda pia, siku nyingine. Lakini watu wa aina yake wananichosha, kwa sababu ukiwakatalia wewe ndiye unayeonekana mchawi.

Jumamosi ile ya Aprili alisimamisha Buick ya marehemu babu yake mbele ya duka la mikate tulikofanya kazi mimi na Nereida Ocampo, akapiga honi mpaka bibi mmoja aliyekuwa akichagua mikate akadondosha koleo. Kiti cha mbele, pembeni yake, alikaa Pete Lesniak, mnene, mpole, na koti la baridi mwilini ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Sote wanne tulisoma shule moja pale kusini-magharibi mwa Detroit, na tulikuwa tumebaki marafiki kwa sababu hakuna aliyekwenda mbali. Lamont alituzidi umri kidogo kwa kuwa alirudia madarasa. Nere ndiye mdogo wetu. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa juzi yake.

"Oya, vueni hizo aproni," Lamont alisema akiwa mlangoni. "Odi, wewe na shoga yako. Tunaenda kula."

"Kula wapi?" nikamuuliza.

"Kwani wewe polisi?"

Nere alicheka. Alikuwa msichana mfupi, mwepesi wa mikono, anayeweza kusokota mikate huku anakusimulia filamu nzima na sauti za waigizaji wote. Shuleni ndiye aliyechaguliwa kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunapotea katikati. Mama yake, Doña Eufrasia, alisafisha maofisi mjini. Wadogo zake wawili, wavulana watundu kupita kiasi, walikuwa bado shule ya msingi. Hayo ndiyo niliyoyajua kumhusu Nere, na niliamini ndiyo yote yaliyokuwepo ya kujua, kwa sababu tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Alifuta unga mikononi, tukaingia kiti cha nyuma.

Lamont alipopita mkahawa wa kwanza bila kupunguza mwendo, halafu wa pili, nikajua tunakoelekea, nikacheka moyoni. Kila mtoto wa Detroit anajua. Kwetu huruhusiwi kunywa bia mpaka ufike ishirini na moja, na ng'ambo ya mto, Windsor, Kanada, ni kumi na tisa. Kwa hiyo mtu akifikisha kumi na tisa, wenzake wanamteka. Hawamwambii kitu. Wanampakia garini, wanamvusha mto, wanamnunulia bia halali ya kwanza maishani mwake, na jioni wanamrudisha kwao. Kaka zetu walivushwa hivyo, na baba zetu kabla yao. Mimi nilivushwa mwezi wa kumi na moja, nikarudi nimetapika kwenye viatu vya Pete.

Nilimgeukia Nere nimkonyeze. Hakuwa akicheka tena.

"Lamont, unaenda wapi?"

"Kukuvusha, bibie. Kumi na tisa hiyo!"

"Geuza gari."

"Nigeuzie wapi? Nipae?"

Alikuwa anasema kweli. Tulishaingia kwenye ile njia ya kupandia daraja, ambayo ukishaiingia ni ukuta kushoto na ukuta kulia, na malori nyuma yako yanakupulizia honi. Kila mwaka kuna watu wanaojikuta Kanada kwa kukosea kona moja tu.

"Sitanii, Lamont. Geuza."

"Anaogopa daraja," Pete alisema kwa huruma.

"Wewe umekulia chini ya daraja hili hili, kivuli chake kinalala kitandani kwako, leo unaliogopa?" Lamont alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Fumba macho, Odi akushike mkono. Likianguka tunaanguka wote."

Nere alinishika mkono kweli. Alinibana mpaka kucha zikaniingia. Kisha akanyamaza, na nikadhani ameshindwa na utani, kama wanavyoshindwa wote. Baadaye aliniambia kwamba mama yake alimfundisha jambo moja tangu akiwa mdogo. Mtu akikuuliza habari zako, tabasamu. Akizidi kuuliza, nyamaza. Usimwambie mwalimu, usimwambie padri, usimwambie rafiki. Pale darajani bado alikuwa na nafasi ya kupiga kelele, na Lamont kwa wazimu wake angesimamisha gari katikati ya daraja na malori yangesubiri. Neno moja tu lingetosha. Lakini mtu aliyefundishwa kunyamaza miaka yote hiyo hapati sauti ghafla kwa sababu gari linapanda kilima. Ninayachukia mafunzo hayo, na hata hivyo najua ndiyo yaliyomlinda mpaka siku ile.

Upande wa pili, kwenye kibanda cha ukaguzi wa mpaka, kulikuwa na mama mmoja anatafuna jojo.

"Raia wa wapi?"

"Marekani, mama, sote," Lamont akajibu. "Tunaenda kumlisha mwenye siku yake ya kuzaliwa."

Mama akainama, akatuchungulia, akasema hongera, akatupungia tupite. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Hukuhitaji pasipoti, ulihitaji mdomo tu, na kwa kawaida mdomo wa dereva ulitosha kwa gari zima.

Tulikaa kwenye baa moja ya barabara ya Ouellette. Wakaleta pizza yao ile yenye soseji iliyokatwa nyuzinyuzi, na bia ya Nere ikawekwa mbele yake na kishumaa kimechomekwa kwenye kipande cha limau. Lamont aliimba kwa sauti ya kutisha watoto. Nere alitabasamu. Hakuigusa bia. Povu likashuka lote, naye ameitazama tu, na mwishowe akasimama na kuniambia nimsindikize msalani.

Aliufunga mlango, akauegemea.

"Odi, mimi si wa kule."

"Si wa wapi?"

"Kwetu. Detroit. Sina karatasi. Sijawahi kuwa nazo."

"Na leseni ya gari je?"

"Leseni wanampa kila anayejua kuegesha." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mama alinileta nina miaka mitatu, nimelala kiti cha nyuma. Hata safari yenyewe siikumbuki. Wadogo zangu wamezaliwa kule, wao wana vyeti. Mimi na mama hatuna kitu."

Kitu cha kwanza kilichonipanda ni hasira. Siyo huruma, hasira. Nilimwambia nilimsimulia siku nilipovunja ungo kabla sijamwambia mama yangu mzazi, na yeye ameniweka pembeni miaka yote hiyo kama mpita njia.

"Ningekuambia, ungefanyaje?" akaniuliza. "Ungeanza kunionea huruma kila tukitoka. Ungeanza kunichunga. Mimi nilitaka mtu mmoja wa kugombana naye kuhusu zamu za kazi, basi."

Nilimkumbatia pale pale kwenye sinki, na mwanamke mmoja akagonga mlango akituuliza kama tumehamia humo.

Wavulana tuliwaambia mezani. Lamont alisema, "Acha utani." Halafu akautazama uso wa Nere, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona maneno yamemwisha. Yalimrudia haraka lakini. Ugonjwa wake haukuwa wa kulala muda mrefu.

"Basi, hamna tatizo," alisema. "Tumeingia kwa mdomo, tutatoka kwa mdomo. Wale jamaa wanataka kwenda nyumbani kama sisi. Unasema Marekani, unapita."

"Kwa nini asiwaambie ukweli tu?" Pete akauliza.

"Akiwaambia ukweli watampa nini, keki?"

Mimi nilisema abaki Windsor kwanza, tumtafutie chumba, Jumatatu tumpate wakili. Nere akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Nibaki na nani? Na nini? Nikizungumza na wakili wa huku nimwambie nini, kwamba na kwao pia niliingia kwa uongo? Na mama leo usiku atafikiri nimezama mtoni." Akaisukuma ile bia katikati ya meza. "Nataka kwenda nyumbani, Odi. Sitaki kingine. Nataka kwenda nyumbani."

Tulitoka tukaenda kukaa kando ya mto, kwenye benchi, ili Nere afanye mazoezi ya kujibu maswali. Kutoka pale Detroit yote iko mbele yako, majengo yake marefu, na upande wa kushoto daraja, na chini ya daraja, kwa mtu anayejua pa kutazama, paa za mtaa wetu. Pete alisema anakwenda haja. Alichelewa kurudi, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Lamont akawa ofisa wa mpaka. Alikunja uso, akaweka sauti nzito.

"Raia wa wapi, binti?"

"Marekani."

"Umezaliwa wapi?"

"Detroit."

"Hospitali gani?"

Hapo akakwama. Vitu vyote vingine alivijua kuliko sisi: mabasi, mitaa, majina ya walimu wakuu wa shule tatu, nani alifungwa na nani alihama. Alimsahihisha Lamont jina la barabara anayoishi shangazi yake Lamont mwenyewe. Lakini hospitali hakuwa nayo, maana mtu aliyezaliwa kijijini Michoacán, Meksiko, mikononi mwa mkunga, hana hospitali.

"Chukua yangu," Lamont akasema. "Nimezaliwa pale kwa masista, karibu na uwanja wa treni. Bi mkubwa kila siku ananisimulia. Chukua, nakupa."

Alimpa kwa moyo wote, kama alivyotoa kila kitu. Nere akairudia mpaka ikakaa vizuri mdomoni. Tulikuwa tunacheka kidogo sasa. Alipoulizwa mara ya mwisho alijibu kwa uchovu na dharau, vile vile anavyojibu mtu aliyezaliwa pale na kuchoka kuulizwa, na Lamont akampigia makofi.

Tulirudi kwa njia ya chini, ile tunnel inayopita chini ya mto, kwa sababu Lamont alisema maofisa wa kule ni wavivu zaidi. Jua lilikuwa bado halijazama tulipotokea upande wetu na kujipanga foleni. Kwenye kibanda chetu alikaa mzee mwenye masharubu meupe.

"Raia?"

"Marekani, afande, wote wanne."

"Sikuuliza wote. Mmoja mmoja."

Lamont akasema Marekani. Pete akasema Marekani. Mimi nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya kuku aliyeshikwa shingo, mimi niliyezaliwa Detroit na cheti changu kipo kwenye kabati la mama. Nere akasema, "Marekani," vizuri kuliko sisi sote. Mzee hata hakumtazama mara ya pili.

"Mnaleta nini kutoka huko?"

"Hatuna kitu, afande," alisema Lamont.

"Vidonge," alisema Pete.

Walisema kwa pamoja. Mzee akaweka kalamu chini.

Bibi yake Pete alikuwa na mgongo mbovu, na Kanada unanunua dukani, bila cheti cha daktari, vidonge vya maumivu vyenye kodini, dawa ambayo kwetu bila cheti huruhusiwi kuwa nayo. Wazee wengi wa kwetu walikuwa wanaviagiza. Mtu akivuka, anawaletea chupa mbili tatu kwenye mfuko wa koti. Pete alikuwa amevuka mara nyingi na hakuwahi kurudi mikono mitupu kwa bibi yake, na kwa akili zake zile nzuri alifikiri leo pia ni siku kama nyingine. Na kwa kuwa hajui kusema uongo, aliposikia swali alijibu.

Wakatupeleka ndani. Chumba chenye taa nyeupe, benchi la chuma, kaunta ndefu. Walizimwaga chupa za Pete juu ya kaunta, wakamkaripia, wakacheka na koti lake. Kijana mmoja mwenye sare akamwambia, "Siku nyingine mpeleke bibi kwa daktari." Lamont alinikanyaga mguu kidogo, kunionyesha yamekwisha. Na yalikuwa karibu kwisha, naapa. Walikuwa wanaturudishia leseni zetu. Yule mzee wa masharubu, aliyekuwa ameingia kupumzika na kikombe cha kahawa, akaichukua leseni ya Nere, akaisoma, akamuuliza tu kama mtu anayepitisha muda:

"Mtoto wa mjini, eh? Umezaliwa wapi?"

"Detroit."

"Hospitali gani?"

Akamtajia ile ya Lamont, kwa uchovu na dharau, kama tulivyofanya mazoezi.

Mzee alikunywa kahawa. "Mke wangu alikuwa muuguzi pale," alisema. "Wodi ya wazazi waliifunga. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya wewe kuzaliwa, kwa tarehe hii. Alilia wiki nzima."

Lamont alikuwa mkubwa wetu. Alizaliwa hospitalini pale, ndiyo, na huenda alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho mwisho.

"Labda nimechanganya," alisema Nere. "Mama ndiye anayejua."

"Basi hamna shida." Mzee hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, ningependa awe mtu mbaya. Aliivuta simu ya mezani, akaisogeza mbele ya Nere. "Mpigie mama aje na cheti chako. Ni hapo hapo tu. Akifika mnaondoka wote, mkamalizie sherehe."

Nere aliitazama ile simu. Nyumbani kwao palikuwa karibu, gari halimalizi hata wimbo. Doña Eufrasia angepokea kabla mlio wa pili haujaisha. Na angekuja. Hakuna kitu duniani kingemzuia kuja, angevaa viatu vya kanisani na kuingia mwenyewe katika chumba kile chenye taa nyeupe, na wale wadogo wawili wangebaki nyumbani wanamsubiri mtu asiyerudi.

"Mama alikufa," Nere akasema.

"Pole. Lini?"

"Zamani."

"Umesema sasa hivi ndiye anayejua."

"Alikuwa anajua."

Hakuna aliyecheka. Mzee alishusha kikombe polepole, akamwita mwanamke mmoja kutoka chumba cha ndani. Kuanzia hapo waliuliza kwa taratibu na kuandika kila kitu. Unasema wewe ni raia wa Marekani? Ndiyo. Unaapa? Naapa. Weka sahihi hapa. Akaweka sahihi, kwa mwandiko ule ule mzuri aliotuandikia sisi majina yetu kwenye madaftari ya shule. Walipomchukua alama za vidole alinitazama, akanionyesha kwa macho nisiseme kitu, na mimi, Mungu anisaidie, sikuwa na la kusema ambalo lingemsaidia. Walitutoa nje sisi watatu. Yeye alibaki.

Lamont alishindwa kuendesha. Alilia akiwa ameulalia usukani, mtu mzima, na nilitaka kumfariji na nilitaka kumpiga kofi, sikufanya lolote kati ya hayo. Pete ndiye aliyeendesha.

Doña Eufrasia alikuwa jikoni. Alikuwa amepika pozole, supu yao ya mahindi na nyama, sufuria kubwa, kwa sababu ya siku ya kuzaliwa, na wavulana walikuwa wanagombania kiti. Aliniona peke yangu mlangoni akajua. Aliwaambia wavulana waende chumbani, akanisikiliza nimesimama, yeye ameshika mwiko.

"Walimuuliza kuhusu mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Akasemaje?"

Sikutaka kumwambia. Aliuliza tena, ikabidi.

Alifanya ishara ya msalaba.

"Mwanangu ana akili," alisema, akafunika sufuria.

Tulipata wakili, mwanamke aliyechoka, kwenye ofisi juu ya duka la kufulia nguo. Alituambia Nere yuko jela ya kaunti na atarudishwa Meksiko. Hapo Pete akasimama na koti lake. Alikuwa amelala nalo neno hilo siku nyingi, ilionekana, maana alilisema lote kwa pumzi moja: yeye atamwoa. Yeye ni raia. Atamwoa hata leo, hata jela, na bibi yake amekubali. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sijawahi kumpenda binadamu kama nilivyompenda Pete dakika ile.

"Kaa, mwanangu," alisema wakili. "Nisikilize. Kuvuka bila karatasi, utotoni, kwa hilo ningehangaika. Kuna mlango, mwembamba, lakini upo. Angewaambia ukweli, au angenyamaza tu, ningekuwa na pa kushika. Lakini kusema wewe ni raia na huku si raia, halafu ukaapa, ukaweka sahihi, hilo halina msamaha. Siyo miaka mitano, siyo kumi. Ni maisha. Mfunge ndoa hapa, mfunge kule, mzae watoto sita, hataingia."

"Lakini mimi ndiye niliyesema kwanza!" Lamont akaruka. "Kule darajani nilisema mimi, sote ni raia. Nifungeni mimi. Hospitali nilimpa mimi!"

"Wewe ni raia," wakili akamwambia. "Wewe unaruhusiwa kusema."

Angenyamaza tu. Neno hilo nimelibeba tangu siku ile. Maisha yake yote Nere alifundishwa kunyamaza, na mahali pekee ambapo kunyamaza kungemwokoa, sisi rafiki zake tulikuwa tumeshamfanyisha mazoezi ya kuongea, tukampigia na makofi.

Siku moja kabla ya safari yake walituruhusu kumwona. Mlangoni wanataka kitambulisho, wanakipitisha kwenye mashine, wanasubiri jibu. Kwa hiyo niliingia mimi. Lamont alibaki garini na Doña Eufrasia, wameegesha mitaa mitatu kutoka pale, mahali ambapo askari hawapiti sana.

Nere alikaa nyuma ya kioo, na nguo za rangi ya chungwa zilizomzidi ukubwa. Alichukua simu ya ukutani, nikachukua yangu. Alitaka habari za dukani kwanza, nani amechukua zamu yake. Nilimwambia ni binamu ya mwenye duka, na mikate yake haina umbo. Akafurahi.

"Kule nitakaa na dada yake mama," alisema. "Simjui hata sura. Na Kihispania changu ni cha jikoni, Odi. Najua kuomba chumvi. Najua kugombeza watoto. Nikipotea njia nitaulizaje?"

"Utajifunza. Wewe unajifunza haraka."

"Ndiyo." Akatazama chini. "Mama yuko wapi?"

"Kwenye gari. Mtaa wa tatu."

Alishtuka mpaka simu ikamtoka sikioni. "Mmemleta huku? Mna wazimu? Mwambie aende nyumbani. Mwambie aondoke sasa hivi, na kesho asije uwanja wa ndege, asimtume mtu, asithubutu. Mwambie."

"Nitamwambia."

Mlinzi alimgusa bega, muda umekwisha. Nere alikuwa ameshaanza kurudisha simu ukutani, akairudisha tena haraka mdomoni.

"Odi. Mwambie akae kidogo."

Nilitoka nikatembea ile mitaa mitatu. Doña Eufrasia alikuwa ameketi kiti cha nyuma, na viatu vyake vya kanisani, mkoba mapajani. Kutoka pale liliweza kuonekana jengo la jela, juu ya mapaa, ukuta mmoja mrefu wa madirisha membamba yanayofanana yote. Hakuniuliza kama mwanawe ana afya, wala kama analia. Aliniuliza dirisha lake ni lipi.

Kwenye barua za wakili nilikuwa nimeona namba ya chumba chake. Kilikuwa upande wa pili wa jengo, kinatazama barabara kuu. Nilinyoosha kidole kwenye dirisha moja, lolote lile, ghorofa ya nne.

"Lile pale, mama. Anakuona."

Doña Eufrasia alifungua mlango wa gari akashuka, akasimama pale barabarani ambapo yeyote angeweza kumwona, akaanza kulipungia mkono.